Mlima wa mpakani uwe na tangazo moja, na liwe na tarehe

MFANYABIASHARA wa mpakani hahitaji kufundishwa hasara ya taarifa iliyopitwa na wakati. Anayevusha vitunguu, maharage au mitumba anajua kwamba ada ya wiki iliyopita inaweza kuwa imebadilika leo, kwamba fomu ya zamani hurudishwa dirishani, na kwamba maneno "nilisikia hairuhusiwi" yamewahi kumlaza mtu na mzigo wake nje ya geti bila sababu. Ndiyo maana mwenye busara akifika Namanga, Holili, Tarakea, Suam au Cyanika huuliza kwanza utaratibu wa siku hiyo, kisha ndipo aulize bei.

Leo tunataka swali hilohilo liulizwe mahali ambapo haliulizwi vya kutosha: milimani. Milima mikubwa ya ukanda wetu imekaa mipakani. Kilele cha Kilimanjaro kiko Tanzania, lakini mteremko wa kaskazini unashuka hadi Kenya. Elgon umegawanyika kati ya Kenya na Uganda. Milima ya Rwenzori iko kati ya Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Sabinyo unazikutanisha Uganda, Rwanda na Kongo juu ya kilele kimoja. Njia za kupanda milima hii, hasa zile sehemu ambazo mtu huacha kutembea na kuanza kuparamia miamba kwa mikono na miguu, hubadilika mwaka hadi mwaka. Masharti ya kuingia nayo hubadilika. Taarifa zake haziendi kwa kasi hiyo, na mara nyingi anayelipia pengo hilo ni mtu anayeishi chini ya mlima.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Mpanda mlima haendi peke yake. Ana mwongozaji, mpishi na wapagazi, na nyuma ya hao kuna soko zima. Mayai, viazi, karoti, ndizi, mchele na nyama vinavyoliwa kambini vimenunuliwa chini. Mitungi ya gesi imejazwa chini. Makoti mazito, glovu na buti za wapagazi wengi zimetoka kwenye mitumba ya masoko kama Gikomba jijini Nairobi na Memorial mjini Moshi. Dereva wa Noah, kijana wa bodaboda, mwenye nyumba ya kulala wageni na mbadilisha fedha wote wana riziki yao katika njia ile kuwa wazi.

Njia ikifungwa kwa taarifa, biashara hujipanga na mzigo hupelekwa kwingine. Ikifungwa bila taarifa, nyanya huoza. Ikifunguliwa bila taarifa, mteja hupitia kwa mwingine. Na ikiwa imekuwa ya hatari na hakuna aliyesema, hasara haihesabiwi tena kwa shilingi, kwa sababu kijana wa kijijini aliyebeba begi la mgeni anapita chini ya mwamba uleule uliolegea, tena mara nyingi zaidi kuliko mgeni.

Tuanze na mlima unaofahamika zaidi. Kilimanjaro, wenye mita 5,895, una njia kadhaa rasmi. Ile inayopanda kutoka kaskazini, upande wa Tarakea na Loitokitok, wengi huiita Rongai. Lakini njia ya asili ya Rongai, iliyoanzia kwenye kijiji cha jina hilo karibu na mpaka, ilifungwa miaka mingi iliyopita. Inayotumika sasa huanzia Nale Moru. Imeitwa kwa jina hilo, imeitwa pia njia ya Loitokitok, ila midomoni mwa wafanyabiashara wa utalii jina la Rongai limebaki. Ramani nyingi zimeendelea kuichora njia ya zamani kana kwamba bado inapitwa.

Kwa hiyo kuna njia moja yenye majina matatu, na jina moja lenye njia mbili. Mwenyeji haoni tabu, maana amezoea. Lakini dereva mgeni aliyeambiwa apeleke chakula Rongai, au msafiri aliyenunua ramani mjini na kuiamini, anaweza kujikuta kwenye lango ambalo si lango tena. Mkanganyiko wa namna hii hausababishwi na barafu wala mvua. Umesababishwa na karatasi ambazo hakuna aliyepewa kazi ya kuzirekebisha.

Upande wa pili wa mlima huohuo kuna mfano mzito zaidi. Njia ya Western Breach ni mwinuko mkali wa mawe unaopanda kutoka Arrow Glacier hadi kwenye kreta, na mpandaji huitumia mikono yake kwa sehemu kubwa. Januari 4, 2006 miamba iliporomoka hapo na kuua wapandaji watatu kutoka Marekani. Njia ikafungwa. Uchunguzi ulifanyika, na mwishoni mwa 2007 ikaruhusiwa tena. Septemba 2015 mwamba mwingine ukaporomoka kwenye njia hiyohiyo na kumuua mpandaji mwingine Mmarekani.

Tazameni mfuatano huo kwa jicho la mtu anayetafuta taarifa. Aliyesoma maelezo ya 2005 ameambiwa njia ipo wazi. Aliyesoma ya 2006 ameambiwa imefungwa. Aliyesoma ya 2008 ameambiwa imefunguliwa. Wote watatu wamesoma maelezo yaliyokuwa ya kweli siku yalipoandikwa. Kama karatasi haina tarehe, hakuna namna ya kujua ipi kati ya hizo tatu inazungumzia asubuhi ya leo. Taarifa ya mlima bila tarehe ni kama risiti bila tarehe: inathibitisha kwamba kitu fulani kiliwahi kutokea, basi.

Mabadiliko haya yataongezeka. Tangu 1912 Kilimanjaro umepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake. Mwezi Novemba 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu za milima ya Afrika zilizo katika maeneo ya urithi wa dunia, zikiwemo za Kilimanjaro na Mlima Kenya, zinatarajiwa kutoweka kufikia 2050. Wengi husikia habari hiyo kama huzuni ya mandhari. Kwa mpandaji ina maana nyingine. Barafu ndiyo iliyokuwa ikiyashika mawe. Ikiyeyuka, mawe yaliyokaa kimya kwa karne nyingi huanza kuanguka, na mahali palipokuwa na ngazi ya theluji hubaki mwamba mtupu unaoteleza.

Mlima Kenya, ingawa hauko mpakani, unatufundisha hilo waziwazi. Mfereji wa barafu uitwao Diamond Couloir, uliopandwa kwa mara ya kwanza mwaka 1973 na Phil Snyder na Thumbi Mathenge, ulikuwa ukisifiwa kati ya njia bora za barafu katika bara hili. Leo barafu yake imepungua mno, na njia iliyoelezwa kwenye vitabu vya zamani si ile anayoikuta mtu akifika. Jina ni lilelile na mahali ni palepale, ila maelezo hayafanani na mlima.

Baada ya mwamba kuna masharti, na hapa wasomaji wetu watajiona wenyewe. Tangu 1991 kupanda Kilimanjaro kunahitaji mwongozaji mwenye leseni. Julai 1, 2016 Tanzania ilianza kutoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 kwenye huduma za utalii, na waliokuwa wamekwisha kuuza safari kwa bei ya zamani wakalazimika kuitafuta tofauti mifukoni mwao. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 28, 2017. Tanzania ikafuata Juni 1, 2019. Juni 5, 2020 Kenya ikaongeza marufuku ya plastiki za kutumika mara moja ndani ya maeneo ya hifadhi, zikiwemo chupa za maji.

Kila moja ya hatua hizo ilikuwa na sababu nzuri, na hatuzipingi. Tunachosema ni kwamba kila moja ilibadilisha kitu ambacho mtu fulani alikuwa anakiuza. Muuza maji aliyejaza stoo katoni za chupa ndogo kwa ajili ya wapandaji alihitaji kujua mapema, kwa lugha anayoielewa. Hakupaswa kujulishwa na askari wa langoni mbele ya mteja wake.

Hali ni hiyohiyo kwa nyaraka za wageni. Viza ya pamoja ya utalii iliyoanza 2014 inamruhusu mgeni kuzunguka Kenya, Uganda na Rwanda, lakini haimwingizi Tanzania. Januari 2024 Kenya iliachana na viza za kawaida na kuanzisha kibali cha kielektroniki kinachoombwa kabla ya safari. Mgeni anayetaka kuona Mlima Kenya wiki hii na Kilimanjaro wiki ijayo anatawaliwa na taratibu mbili, na mtu wa kwanza anayeulizwa kuhusu taratibu hizo ni mwenye duka wa mpakani. Akijibu alivyozoea kujibu miaka mitatu iliyopita, anampotosha mteja kwa nia njema kabisa.

Sasa twende pale ambapo tatizo linakuwa mara mbili: mlima mmoja, mamlaka mbili. Elgon una kilele chake cha juu, Wagagai, chenye mita 4,321, upande wa Uganda. Upande wa Kenya kuna Koitobos, mita 4,222. Katikati kuna kreta pana sana, na ndani yake mto Suam unaanza safari yake na mpaka unapita. Mtu anaweza kupanda kutoka Budadiri na kuteremkia lango la Chorlim, au kinyume chake. Safari hiyo inawezekana kwa mipango ya mapema na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda na Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya, pamoja na taratibu za uhamiaji.

Lakini mwenye duka wa Suam akiulizwa leo hatua za kufuata, ataanzia wapi? Ada za upande wa Uganda ziko kwa Uganda. Ada za Kenya ziko kwa Kenya. Uhamiaji una taarifa zake, hifadhi zina zake. Mtu akivunjika mguu ndani ya kreta, ni simu ipi ya kupiga kwanza? Hili si swali la kumtega mtu. Ni swali ambalo mpagazi anapaswa kuwa na jibu lake mfukoni kabla hajaondoka nyumbani.

Kwenye Sabinyo mpaka ni mwembamba zaidi. Mlima huu, wenye zaidi ya mita 3,600, una vilele vitatu, na cha tatu ndicho panapokutana Uganda, Rwanda na Kongo. Anayeupanda kutokea Hifadhi ya Mgahinga hupanda ngazi za miti zilizofungwa kwenye miteremko mikali, na palipokosa ngazi hushika mizizi na mawe. Ngazi ya mti huoza, hasa katika msitu wenye mvua. Hali ya ngazi hizo ni taarifa ya kila mwezi, na kitabu hakiwezi kuibeba.

Na mlima hautenganishwi na siasa ya chini yake. Hifadhi ya Rwenzori ilifungwa kati ya 1997 na 2001 kwa sababu ya waasi. Mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa Februari 2019 na haukufunguliwa hadi Januari 31, 2022. Miezi michache baadaye, Juni 2022, mji wa Bunagana, ulio karibu kabisa na Sabinyo, ukaangukia mikononi mwa waasi wa M23. Wafanyabiashara wa Kisoro na Musanze wanazikumbuka tarehe hizo bila kuangalia kalenda. Milima ya hapo haikusogea, lakini nani afike, kwa njia ipi na akiwa na karatasi gani, kulibadilika mara nyingi ndani ya miaka minne.

Kongo imetupa pia fundisho kuhusu gharama ya kuitunza taarifa yenyewe. Volkano ya Nyiragongo iko juu ya Goma, na wanaovuka kila siku kati ya Goma na Rubavu wanaishi chini ya moshi wake. Ilipolipuka Mei 22, 2021 wakazi hawakuwa wamepata tahadhari ya wazi kabla. Kituo kinachoifuatilia volkano hiyo kilikuwa kimepungukiwa fedha za kufanya kazi yake. Kwa hiyo tusidhani kwamba taarifa ikishaandikwa mara moja kazi imekwisha. Taarifa ni kama paa la makuti. Usipolikagua kabla ya masika, utalikagua mvua ikiwa ndani.

Je, nani anajua hali ya njia kabla ya wengine? Wapagazi na waongozaji. Wao ndio wanaopita kila wiki. Wanajua ni jiwe lipi limeanza kucheza, ni chemchemi ipi imekauka, daraja gani limechukuliwa na mafuriko. Wanaambizana kwa Kiswahili kambini na kwenye simu. Kinachokosekana ni mtu wa kuyapokea maneno hayo, kuyahakiki, kuyaandika na kuyabandika mahali panapoonekana. Taarifa rasmi zikitoka, nyingi hutoka kwa Kiingereza na kubaki ofisini. Kwa hiyo anayejua hana ubao, na mwenye ubao anachelewa kujua.

Kukosekana kwa utaratibu hakuachi nafasi tupu. Nafasi hiyo hujazwa na uvumi. Njia ya mwongo ni fupi, na mpakani ni fupi zaidi: neno likisemwa asubuhi stendi, jioni limevuka na kuwa sheria. Wapo pia wanaofaidika na giza hili, wale wanaomuuzia mgeni "kibali" kisichokuwepo au kumtisha kwamba lango fulani limefungwa ili wampeleke kwao. Tangazo la wazi ndilo linalowanyima soko.

Kutokana na hayo, tunatoa mapendekezo haya kwa mamlaka za hifadhi, uhamiaji, forodha na Sekretarieti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Kwanza, kila mlima wa mpakani uwe na tangazo moja la pamoja. Liwe ukurasa mmoja: njia zilizo wazi, zilizofungwa, zenye tahadhari, majina yote yanayotumika kwa kila njia, ada kwa raia wa Afrika Mashariki na kwa wageni wengine, vitu visivyoruhusiwa kuingizwa, nyaraka za kuvukia, na simu ya uokoaji ya kila upande.

Pili, tangazo liwe na tarehe mbili: ya kutolewa na ya kupitiwa upya. Hata kama hakuna kilichobadilika, siku ya kupitiwa upya ikifika litolewe jipya linalosema hakuna kilichobadilika. Na chini yake kiwepo cheo cha ofisa anayewajibika, ili anayeuliza ajue pa kuuliza.

Tatu, amri ya kufunga njia iwe na sababu na siku ya kuangaliwa tena. Bango la "imefungwa" lililoachwa likapigwa na jua miaka mitano, huku kila mtu akijua watu wanapita, lina madhara kuliko kukosa bango. Linawafundisha watu kupuuza mabango, na siku njia itakapofungwa kwa hatari ya kweli hawatasimama. Kuondoa tangazo lililokwisha muda ni kazi sawa na kuliweka.

Nne, litolewe kwa Kiswahili, pamoja na Kiingereza na Kifaransa. Wakuu wa nchi za Jumuiya walikubali mwaka 2021 Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Jumuiya. Basi na kianze kufanya kazi ubaoni mpakani, kwa mpagazi na muuza ndizi.

Tano, libandikwe pale watu walipo. Holili na Namanga maofisa wa nchi mbili tayari wanahudumia watu pamoja katika kituo kimoja. Ukuta upo, na wasomaji wapo wakiwa kwenye foleni. Libandikwe pia stendi, sokoni na kwenye lango la hifadhi, na lisomwe kwenye redio za jamii siku za gulio. Wenye simu walipate kwa simu. Mwaka 2022 intaneti ilifikishwa kambi ya Horombo, mita 3,720 juu ya Kilimanjaro. Kama mtandao umeweza kupanda hadi huko, taarifa inaweza kushuka hadi Tarakea.

Sita, mabadiliko ya ada na masharti yatangazwe mapema kabla ya kuanza kutumika, isipokuwa hatari ya maisha ikidai hatua ya siku hiyohiyo. Safari za milimani huuzwa miezi mingi kabla. Anayebadilisha bei katikati hamwadhibu tajiri wa ng'ambo. Anamwadhibu wakala mdogo aliyekwisha kupokea fedha na kuagiza mzigo.

Saba, vyama vya wapagazi na waongozaji vipewe nafasi rasmi ya kutoa ripoti ya njia, na ripoti hiyo iingie kwenye tangazo baada ya kuhakikiwa. Mtu asiadhibiwe kwa kusema kwamba ngazi imeoza au kwamba mawe yameanza kuanguka.

Tunajua hoja za upande wa pili, na si za kupuuzwa. Wapo watakaosema kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya mlima wake, na kwamba tangazo la pamoja ni kuingiliana. Hatuombi sheria moja. Tunaomba ubao mmoja wenye sheria mbili zilizoandikwa bega kwa bega. Jumuiya imekwisha kufanya jambo gumu kuliko hilo. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zisizozidi dola 2,000 za Marekani, zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, anapata cheti rahisi cha uasili mpakani bila nchi yoyote kufuta sheria zake za forodha. Kama tuliweza kukubaliana juu ya mahindi, tunaweza kukubaliana juu ya njia ya mguu.

Wengine watasema kuzitangaza njia ni kuwaonyesha wa magendo pa kupita. Ukweli ni kwamba anayepita njia za panya hasubiri tangazo. Anazijua tangu utoto. Tangazo la njia halali linamsaidia mtu halali, tena linamwondolea visingizio yule anayekamatwa nje yake.

Na wapo watakaotaja fedha. Karatasi na gundi si ghali. Kilicho ghali ni nidhamu ya ofisa kukaa kila mwezi, kupiga simu ng'ambo ya mpaka, kuwasikiliza wapagazi, kusahihisha na kubandika upya. Hiyo ni kazi, na kazi hulipwa. Wapandaji hulipa ada nzito kwenye malango ya hifadhi zetu. Sehemu ndogo ya ada hizo ikitengwa kwa kazi hii, mlima utakuwa umejilipia.

Hatutaiachia serikali peke yake. Mfanyabiashara wa mpakani ni mwenezaji wa habari, apende asipende. Mgeni humwuliza yeye kabla ya kumwuliza ofisa. Tunawaomba wasomaji wetu waanze na tabia moja ndogo inayowezekana kesho asubuhi: mtu akikwambia njia imefungwa au ada imepanda, mwulize tangu lini na kwa tangazo gani. Kama hana jibu, usilipeleke mbele. Na wewe ukiulizwa usichokijua, mwelekeze mtu langoni au ofisini badala ya kumpa jibu la zamani. Mteja aliyeambiwa kweli leo, hata kama kweli hiyo imemfanya asinunue, atarudi.

Vyama vya wafanyabiashara wa mipakani vina nguvu zaidi. Vinaketi na wakuu wa wilaya, na maofisa wa forodha, na kamati za mipaka. Katika vikao hivyo huzungumzwa ushuru, barabara na vipimo. Tunashauri ajenda ya mlima iingizwe kwa wote wanaofanya biashara Loitokitok, Tarakea, Rombo, Kitale, Kapchorwa, Kisoro, Musanze na Rubavu. Waulize lini tangazo la mwisho la njia lilitolewa, na liko wapi. Kama hakuna anayeweza kulionyesha, hilo lenyewe liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Mwaka wa fedha wa Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda huanza Julai 1, na ndipo ada nyingi hubadilishwa. Miezi hiyohiyo ya kiangazi ndiyo wapandaji huja kwa wingi. Tunaziomba mamlaka za hifadhi za pande zote zikutane kabla ya tarehe hiyo na kuanza na milima miwili tu, Kilimanjaro kwa upande wa Tarakea na Loitokitok, na Elgon kwa upande wa Suam. Tangazo la kwanza likibandikwa katika vituo hivyo, likiwa na tarehe na cheo cha anayewajibika, gazeti hili litalichapisha bila malipo, na siku yake ya kupitiwa upya ikifika tutauliza lililofuata liko wapi.